Miaka miwili JKT halafu unaambiwa "hatutoi ajira", sasa mkataba ulikuwa wa nini?

Asalaam alaykum wadau. Mie huwa msomaji tu humu lakini hili limenifika kooni, leo nasema.

Kijana anaejitolea JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, anakubali kukaa miaka miwili. Miwili, si ile miezi mitatu ya watoto wa fomu siksi wanaokwenda kwa mujibu wa sheria. Na tangazo likitoka halikosi ile sentensi yao ya mwisho, kwamba JKT haitoi ajira wala haimtafutii mtu ajira, ni mafunzo tu ili kijana akajiajiri. Sawa, wamesema mapema, siwezi kusema tumedanganywa. Ila ngoja jeshi lenyewe, JWTZ, litangaze nafasi za ajira sasa, sharti mojawapo nini? Awe amepita JKT na ana cheti. Khaa! Yaani huku unaambiwa usitegemee kitu na kule hupokelewi mpaka uwe umetokea huku. Kijana anafungwa miaka miwili, wao hawajafungwa na chochote.

Halafu njoo kwenye umri. Wa fomu foo akitaka kujitolea asizidi miaka 20. Huku kwetu Pemba mtoto kaanza skuli kachelewa, karudia darasa mara moja, anamaliza tayari yuko 19 au 20, bado barua ya sheha, kiongozi wa mtaa,, bado usaili wa wilaya, nafasi zenyewe za kugombania. Akibahatika anaingia na 20 anatoka na 22. Jeshi nalo kwenye tangazo la 2025 wa sekondari mwisho miaka 24. Kwa hiyo ujana wote unabaki upenyo mdogo tu wa kujaribu, na tangazo lenyewe hujui litatoka mwezi gani.

Mdogo wangu ndo kakaa humo. Kapelekwa bara, kalima, kabeba zege, kasimama lindo usiku kwenye baridi ambayo mtu wa Wete haijui, karudi na cheti kwenye bahasha ya plastiki. Mpaka leo saa kumi ya alfajiri yuko macho, shuka kalikunja pembe nne utasema anakuja afande kukagua. Nidhamu ipo wallahi, hilo sibishi. Kazi ndo haipo, anauza vocha na mbatata.

Tangazo likatoka akakimbilia kukusanya vyeti, hapo tena balaa jengine. Cheti cha skuli jina la baba limeandikwa Khamis, cheti cha kuzaliwa Hamisi, namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, imekuja na Hamis. Baba mmoja huyo huyo! Ofisi ya kwanza inasema nenda ya pili, ya pili inasema kalete kiapo, ukileta kiapo mhusika yuko Unguja, panda boti. Huyu miaka miwili kalishwa, kavalishwa gwanda, kaaminiwa na bunduki ya serikali kwa jina hilo hilo na hakuna alieuliza herufi. Leo herufi imekuwa ushahidi kwamba si mtoto wa baba yake.

Na sharti jengine la jeshi, asiwe ameoa. Nafahamu mafunzo ni magumu, hawataki mtu anaewaza mke. Lakini posa ishakwenda, baba wa binti anauliza kila tukikutana msikitini, nimwambie nini? Subiri mzee, labda mwakani, labda hapana? Binti wa watu nae umri unakwenda.

Najua atakuja mtu aseme si mngempeleka vikosi vya SMZ, serikali ya Zanzibar, tu. Haya, kasomeni masharti ya jeshi vizuri. Aliewahi kutumikia Polisi, Magereza, Chuo cha Mafunzo (ndo magereza ya Zanzibar) au KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, hachukuliwi. Ukiingia KMKM kwa sababu njaa haisubiri, basi jeshi la Muungano ushalisahau. Yaani kijana wa Kizanzibari anatakiwa achague akiwa na miaka 19 bila kujua upande gani utamwita, na akikosea ndo basi.

Wala si malalamiko ya leo. 2021 vijana 854 walitimuliwa makambini kwa kugoma wakidai ajira, wengine wakaanza kusema watoto watovu wa nidhamu. Baadae walisamehewa, alhamdulillah. Lakini lile walilolidai limejibiwa wapi?

Mie sitaki kila aliepita JKT aajiriwe, nafasi hazitoshi nalijua hilo. Nataka kitu kidogo tu, ile miaka miwili ya kambini isihesabiwe kwenye umri wa kuomba jeshi. Kaitumia kwenu, mrudishieni. Kwani hilo linahitaji bajeti gani? Na waliomaliza mkataba wao vizuri wafikiriwe mwanzo, si kupangwa foleni moja na wote halafu anatolewa kwa kosa la karani aliekosea kuandika.

Anaekuja na "uzalendo" aje ila atutajie kwanza mwanawe kajitolea lini.

Na mwenye kujua hili suala la majina linamalizwa ofisi gani hapa hapa Pemba bila kupanda boti aandike hapo chini tafadhali, dogo keshafika 23.