Mjusi mwenye ubavu mwekundu kando ya kinamasi, Nakivale. Ni yupi huyu?

MamaFuraha
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Nalima mchicha na nyanya upande wa ziwa Nakivale, huku Uganda, pale shamba linapokutana na mafunjo. Kuna mjusi ananitatiza. Asubuhi jua likichomoza yuko juu ya rundo la mafunjo tuliyokata, ametandaza miguu anaota jua. Nikisogea, anapotelea ndani kama maji kwenye mchanga.

Mgongo ni wa kahawia, unang'aa. Kuanzia shingoni, ubavu wote una rangi ya tofali. Magamba yamelala laini, hayana miba kama yule wa kichwa cha rangi anayetikisatikisa kichwa juu ya mawe. Mkia mrefu, ila ncha yake imefifia, utafikiri imeungwa. Jirani anasema huyo ana sumu kumshinda nyoka, na panga ameshalinoa. Mimi namwona anakula panzi tu. Mnisaidie kabla hajauawa.

KijanaWaMbarara
Dada, huyo ni skinki, yaani mjusi wa magamba laini yanayong'aa, jina la kitaalamu *Trachylepis striata*, tunao tele kwenye kuta huku mjini. Hana sumu. Jirani arudishe panga ndani.

MwalimuBaiolojia
Kwenye sumu nakubaliana na kijana: hakuna skinki mwenye sumu. Ukimbana mkononi anaweza kukung'ata, basi, unanawa kwa sabuni. Ncha ya mkia haikuungwa, imeota upya. Akishikwa na ndege au paka huuacha mkia ukirukaruka, yeye anakimbia, na unaoota baadaye haufanani na wa kwanza.

Jina ndilo sikubaliani nalo. *Striata* ana mistari miwili myeupe au ya njano, mmoja kila upande wa mgongo, kutoka kichwani kwenda mkiani. Mama Furaha hakutaja mstari wowote, ametaja ubavu mwekundu. Watu wengi humtazama mjusi mgongoni wakaishia hapo. Mama, mtazame midomo. Ina madoadoa meupe?

MamaFuraha
Mwalimu, nimetoka kumwangalia sasa hivi. Mistari hana. Midomo ina vidoa vyeupe na vyeusi, kama amelamba unga. Halafu kuna jambo jingine: tulipovuta mafunjo ya chini yaliyooza, tumekuta mayai meupe, marefu kidogo, ukiyagusa yanabonyea. Nimeyafunika. Ni yake au ya nyoka?

MwalimuBaiolojia
Sasa tunaelewana. Midomo hiyo na ubavu huo ni vya *Trachylepis maculilabris*. Anapenda mahali penye unyevu, hupanda miti na vichaka, na kando ya ziwa ni kwao kabisa.

Mayai siwezi kukuhakikishia bila kuyaona, maana nyoka wengi nao hutaga mayai laini. Ila *maculilabris* hutaga, na *striata* huzaa watoto hai, kwa hiyo kama ni ya skinki, jina la kijana linazidi kuwa mbali. Ya mjusi wa ndani ya nyumba, yule wa usiku, usiyafikirie: yake ni ya mviringo, ganda gumu. Yaache yalivyolala, usiyageuze, kiinitete kinaweza kufa. Na rundo msilichome moto kwa sasa.

KijanaWaMbarara
Mwalimu umenimaliza 😂 Mama, piga picha ya ubavuni, kichwa kionekane, simu iwe usawa wake, usipige kutoka juu. Asubuhi kabla jua halijawa kali anakuwa mzito kukimbia. Ukiweka kwenye iNaturalist, mtandao wa kutambua wanyama na mimea kwa picha, wataalamu watakuthibitishia. Ardhioevu ya maziwa Mburo na Nakivali (ndiyo Nakivale yenu) iko kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, tangu 2006, lakini kila mgeni anakuja na darubini kutafuta ndege. Mijusi nani anawapiga picha?

MwalimuBaiolojia
Na ukifanikiwa kukaribia, mtazame akifumba jicho. Kope la chini lina kidirisha kinachopitisha mwanga, anafumba na bado anaona. Yule wa ukutani usiku hana hata kope za kufumba, hulamba jicho kwa ulimi.

MamaFuraha
Asanteni sana. Jirani nimemsomea yote. Anasema panga atalirudisha, ila huyo mjusi asikanyage upande wake wa shamba. Nimemwambia panzi wake wa kwenye kabichi basi awale yeye mwenyewe. Picha naweka kesho nikipata chaji.