Miezi saba ya "UTI sugu" na hakuna daktari hata mmoja aliyenichunguza

Ndugu wanajukwaa,

Naandika nikiwa na hasira, na naomba mnisome hadi mwisho kwa sababu najua humu wapo dada zangu wengi wanaomeza dawa zilezile nilizomeza mimi. Mwaka jana, kuanzia mwezi wa pili hadi wa tisa, nilitibiwa "UTI sugu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyokoma, mara nne katika zahanati mbili binafsi hapa Mwanza. Mara zote nne hakuna aliyenilaza kitandani akanichunguza, wala aliyeniuliza kama mume wangu naye ana dalili yoyote.

Kila safari mambo yalikwenda vilevile. Nilieleza kwamba nina maumivu chini ya kitovu, mkojo unachoma, na uchafu wa manjano unanitoka ukeni. Daktari aliandika bila kuinua macho, nikapewa kikopo, nikalipia maabara, nikasubiri kwenye benchi, kisha nikarudishiwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu kwamba chembe za usaha kwenye mkojo ni 10 hadi 15. Basi, hiyo ikawa UTI. Mara ya kwanza na ya pili nilipewa vidonge vya antibayotiki viitwavyo siprofloksasini kwenye bahasha ya kaki, mara ya tatu dawa nyingine ya vidonge, na mara ya nne sindano za asubuhi na jioni kwa siku tano, hadi nikawa siwezi kukalia upande mmoja. Nilitumia zaidi ya shilingi 200,000 na uchafu haukukoma.

Sasa nimejifunza jambo ambalo nilipaswa kuambiwa siku ya kwanza. Chembe za usaha kwenye mkojo zinaonyesha kwamba mwili unapambana na kitu, lakini hazisemi ni kitu gani. Klamidia na kisonono, ambayo ni magonjwa ya zinaa, huweza kuzileta hata pale ambapo bakteria wa kawaida wa UTI hawapo kabisa. Trikomona, kijidudu kingine cha zinaa, huweza kuonekana akichezacheza kwenye darubini ya kawaida ikiwa tone la uchafu wa ukeni litaangaliwa likiwa bado bichi, na darubini hiyo ilikuwapo mezani, nimeiona kwa macho yangu. Na hiyo siprofloksasini, kisonono kimeizoea kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani haliipendekezi tena kwa ugonjwa huo.

Aliyegundua tatizo langu hakuwa akilitafuta. Nina watoto wawili, sindano ya miezi mitatu ilinivuruga hedhi, vidonge vya majira navisahau, kwa hiyo nilikwenda kituo cha afya cha serikali kuomba kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni na hukaa hadi miaka 10. Muuguzi wa uzazi wa mpango alivuta pazia, akavaa glovu, akaniwekea kile kifaa cha kufungulia uke, akamulika taa, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mlango wa kizazi unatoa usaha. Leo siweki kitanzi." Haikufika hata dakika tano.

Alinieleza kwamba kuweka kitanzi wakati maambukizi yapo pale mlangoni kunaweza kupandisha vijidudu hadi ndani ya mfuko wa uzazi na mirija. Alinipima ujauzito kwanza, kwa kuwa doksisaiklini haifai kwa mjamzito, akanipima kaswende na VVU kwa damu ya kidoleni, nikachomwa sindano moja ya kisonono na kupewa vidonge hivyo vya doksisaiklini vya siku saba. Alinipa kondomu, akasisitiza kwamba kitanzi, vijiti, sindano na vidonge vyote huzuia mimba tu na kwamba kondomu pekee ndiyo inayokinga pia magonjwa ya zinaa, kisha akanikabidhi kikaratasi cha kumwita mume wangu atibiwe naye. Kitanzi aliniwekea baadaye, nilipopona.

Mume wangu alipokiona kile kikaratasi alikaa kimya muda mrefu, halafu akakiri kwamba kabla ya Krismasi alitokwa usaha, akaenda duka la dawa, akataja anachotaka, akalipa, akaondoka. Muuzaji hakumuuliza kama ana mke. Yeye alipata nafuu ya kuonekana kwa macho tu, mimi nikabaki natibiwa mkojo kwa miezi saba. Ya ndani ya nyumba yangu tumeyazungumza na hayahusu uzi huu. Linalonihusu hapa ni kwamba swali moja tu, upande wake au upande wangu, lingeyamaliza haya mapema.

Nafahamu kwa nini neno UTI linapendwa. Ni neno la heshima, halimvunjii mtu ndoa, na daktari hahitaji kutamka neno zinaa mbele ya mke wa mtu. Lakini huko si kunisitiri, ni kuniacha nioze kwa adabu. Na katika zahanati mojawapo, siku nilipouliza kuhusu kitanzi, niliambiwa mbele ya watu pale mapokezi nilete barua ya mume. Mwili ni wangu na ridhaa inayotakiwa ni yangu.

Hata huko kituo cha afya sijaridhika kikamilifu, ingawa yule dada namshukuru kwa moyo wote. Nilitibiwa kwa dalili, maana kipimo cha kuthibitisha klamidia hawana. Mwanamke asiye na dalili je? Wengi wenye klamidia hawasikii chochote hadi mirija inapoharibika na mtoto hapatikani. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu katika hospitali nyingi nchini zina uwezo wa kupima klamidia na kisonono kwa muda wa saa moja na nusu hivi, ila zinahitaji kibweta chake, yaani kikasha cha kipimo kinachoingizwa kwenye mashine. Wanaopanga bajeti ya afya watueleze ni lini vibweta hivyo vitanunuliwa kwa ajili yetu, kwa sababu mashine tayari tunazo.

Zile karatasi nne za maabara ninazo, zote zina tarehe na mihuri. Jumatatu nazipeleka kwa mganga mkuu wa wilaya pamoja na barua ya malalamiko. Aliye Mwanza na ametibiwa "UTI sugu" bila kuchunguzwa aniandikie faragha kabla ya Ijumaa, aje na karatasi zake, tuzipeleke pamoja.