Mrejesho: paipu za intakula kwenye Glanza

Ndugu zangu, niliuliza nipitishie wapi paipu za intakula ya mbele (kipoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini) kwenye gari langu, Toyota Starlet Glanza, maana ile ya juu ya injini ilikuwa ikipikwa na joto. Nimefuata ushauri: betri imehamia buti, na paipu ya hewa baridi inapita pale betri ilipokuwa, hadi kwenye throto, mlango wa hewa wa injini.

Shida ikawa hozi moja, mpira unaounganisha paipu. Ncha ya paipu ilikuwa laini, haina ukingo, ikachomoka nikipanda Mazeras. Pwaa! Nguvu kwisha. Fundi wa Changamwe akachomelea ukingo mwembamba kuizunguka ncha, akakaza klipu mpya nyuma yake. Haijachomoka tena.

Jana nimefika Bamburi, nikafungua boneti nikaishika ile paipu ya hewa baridi: vuguvugu tu! Asanteni sana, hasa uliyenikataza kukata chuma cha bampa.