Sikuwapo siku 49, mita ikaendelea kunidai. Hii tozo ya kila siku ni haki?

Mwanatanga_Liverpool

Asalaam aleikum ndugu zangu mlioko huku Uingereza, na wa nyumbani pia.

Naandika nikiwa na machungu bado, lakini pole peke yake haitanisaidia, nataka mnijibu.

Januari 2025 mama aliugua ghafla, nikaenda Tanga, nikakaa siku 49. Kabla sijaondoka nilizima kila kitu. Friji niliimaliza, nikaiacha mlango wazi na taulo chini yake. Boila nikaizima, hata chaja ya simu nikaichomoa ukutani. Naishi peke yangu, chumba kimoja na jiko, hapa Toxteth, Liverpool. Mita zangu zote mbili ni za kulipia kabla: ya umeme ni ya ufunguo, ya gesi ni ya kadi. Kwenye umeme niliacha pauni 8, kwenye gesi pauni 5, nikajua nitazikuta.

Nimerudi wiki iliyopita. Ndege ilitua Manchester usiku, nikafika kwangu karibu saa sita. Nabonyeza taa, giza. Namulika mita kwa simu, nakuta nadaiwa pauni 24 na peni 83. Nikaacha begi mlangoni, nikatembea hadi kituo cha mafuta kinachokesha, nikaweka pauni 20 kwenye ufunguo kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo mfukoni. Nikarudi, nikachomeka. Giza palepale. Mita inasema bado nadaiwa pauni 4 na peni 83. Nimelala na koti, kanga mbili za mama juu yake, na soksi za ndege. Asubuhi nikaenda tena dukani, ndipo taa ikawaka. Halafu nikaenda kwenye gesi, nayo deni: pauni 10 na peni 68.

Nimekaa na kalamu. Tozo ya kila siku hukatwa hata usipotumia kitu: kwangu ya umeme ni peni 67 kwa siku, ya gesi peni 32. Jumla peni 99. Zidisha mara 49, unapata pauni 48 na peni 51, na sikuchemsha hata kikombe kimoja cha chai.

Hata nikiwepo hesabu hainikai moyoni. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku, kwangu narudi kulala. Umeme ninaoutumia hasa hauzidi pauni 5 kwa wiki. Tozo ya wiki hiyohiyo ni pauni 4 na peni 69. Maana yake nikijibana, nikioga haraka, nikipika mara moja kwa siku mbili, ninachookoa ni kwenye ile nusu ya kwanza tu. Nusu ya pili haijui kama nimejibana. Bibi mmoja ninayemhudumia anaishi kwenye nyumba ya vyumba sita, joto linawaka mchana kutwa, na tozo yake ya umeme ni peni zilezile 67. Simwonei kijicho, ni mgonjwa na joto analihitaji. Ila kwenye bili yake peni 67 hazionekani, kwangu mimi ndizo bili.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, kuna mtu anayeweza kunieleza tozo hii inalipia nini, mpaka mtu asiyekuwepo adaiwe? Pili, gesi naitumia kwa maji ya moto na joto kidogo tu. Naweza kuwaambia waje waing'oe mita ya gesi ili nibaki na tozo moja?

---

fundi_wa_mita

Dada, pole sana na mama, Mungu ampe afya. Mimi ni mtu wa Unguja, nafunga mita upande wa Birkenhead mwaka wa tisa huu, kwa hiyo nakuambia ninachokiona kazini.

Tozo ile inalipia waya na bomba mpaka mlangoni kwako, mita yenyewe, watu wa kuihudumia, na gharama za kampuni kukuhesabu wewe kama mteja. Ukiwa Tanga waya bado upo, na dhoruba ikiangusha nguzo Januari lazima mtu apande kuirudisha. Mpaka hapo naitetea.

Tatizo ni yale yaliyopandishwa juu yake. Mwaka 2021 tozo ya umeme ilikuwa kama peni 25 kwa siku kwa wastani. Aprili 2022 ikaruka hadi peni 45 hivi. Mwanzoni mwa 2025 wastani wa nchi ulifika karibu peni 61. Waya haukurefuka namna hiyo kwa miaka minne! Mambo mawili yalitokea. La kwanza, bei ya gesi ilipopanda duniani mwaka 2021, kampuni nyingi ndogo za kuuza umeme na gesi zilifilisika, zaidi ya 25. Wateja wao wakahamishiwa kwa kampuni nyingine, na gharama ya kuwahamisha, pamoja na kulinda salio lao, ikagawanywa kwa kila nyumba kupitia tozo ya kila siku. La pili, Aprili hiyohiyo sehemu ya gharama za nyaya iliyokuwa ikikusanywa kwenye kila uniti ilihamishwa ikawa ya kudumu. Hoja yao ilikuwa kwamba wenye paneli za jua walikuwa wakinunua uniti chache na hivyo kuukwepa mchango wao wa nyaya. Hoja ina maana kwa mwenye paneli. Kwa mtu wa chumba kimoja anayejibana ilikuwa pigo.

Na kwa bahati mbaya umeangukia eneo letu. Mersey na Wales Kaskazini tuko miongoni mwa wanaolipa tozo kubwa kuliko wote, mwanzoni mwa 2025 London walikuwa wanalipa kama peni 40. Gharama za nyaya za kila eneo wanagawana wateja wa eneo hilo tu, na sisi tuna milima na mashamba ya Wales upande wa pili.

Sasa gesi. Ndiyo, mita inaweza kuondolewa, ila nyumba ni ya kupanga, kwa hiyo ruhusa ni ya mwenye nyumba, na kampuni inaweza kukutoza kazi hiyo. Kabla hujaomba, piga hesabu hii. Kwa bei za mwanzoni mwa 2025, tozo ya gesi ni kama pauni 117 kwa mwaka. Uniti ya gesi ni peni 6 na kitu, ya umeme karibu 25. Kila uniti ya joto utakayoihamishia kwenye umeme inakuongezea kama peni 18 na nusu. Gawanya, unapata kama uniti 630. Ukitumia gesi chini ya hapo kwa mwaka, ng'oa. Ukizidi hapo, utaokoa tozo na kuipoteza kwenye hita ya umeme. Angalia namba za mita yako ya mwaka jana.

Na safari ijayo, kabla hujapanda ndege, wapigie simu uwaambie. Deni la tozo linaweza kupangwa likatwe kidogo kidogo kila wiki badala ya kulimeza salio lote siku moja. Ile pauni 20 yako ingewasha taa usiku uleule.

---

Mzee_Coventry

Mwanangu, nimesoma kisa chako na nimekuonea huruma. Lakini niruhusu nikuonyeshe upande mwingine, maana kila mtu anaposema tozo hii ifutwe, mimi nalala vibaya.

Mke wangu alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita. Yupo kitandani sebuleni. Godoro lake ni la hewa, pampu haizimwi usiku wala mchana. Kiinua mgonjwa kinachajiwa kila siku. Mashuka tunafua kila siku, mara nyingine mara mbili. Nyumba yetu haina gesi, joto lote ni umeme, na mtu asiyeweza kusogea huwezi kumwambia avae sweta ya pili. Tunatumia kama uniti 6,000 kwa mwaka. Sisi si matajiri. Nilikuwa dereva wa basi, sasa nina pensheni.

Tozo ikifutwa, gharama haifutiki. Itaingia kwenye uniti. Nyumba ya kawaida, kwa kipimo cha mwanzoni mwa 2025 cha Ofgem, wasimamizi wa soko la umeme na gesi hapa, inatumia uniti 2,700 za umeme kwa mwaka. Tozo ya mwaka, kwa bei za wakati huo, ni kama pauni 222. Ukiigawa kwa uniti hizo, kila uniti inapanda kama peni 8. Wewe, mwanangu, utapumua. Mimi peni 8 mara 6,000 ni pauni 480 na zaidi, badala ya zile 222. Nitafute wapi pauni 260 nyingine?

Februari 2025 Ofgem walitoa pendekezo kwamba kila kampuni iwe pia na mpango usio na tozo ya kila siku, uniti yake ikiwa ghali zaidi, na mtu achague. Hilo naliunga mkono. Wewe uchukue wako, mimi nibaki na wangu. Ila kunifutia mimi kwa jina la kuwasaidia maskini, hapana.

---

Msomaji_Nakuru

Niko Kenya, lakini kisa cha Mzee kimenigusa kwa sababu sisi tumeshapitia hilo, na walioumia ndio walioambiwa watafaidika.

Hadi katikati ya mwaka 2018 tulikuwa tukikatwa shilingi 150 kila mwezi, tokeni ya kwanza ya mwezi ndiyo inayokatwa. Watu walilalamika sana. Ukienda ushago, yaani kijijini kwenu, miezi miwili, ukirudi ukinunua stima unapewa uniti za kuhurumiwa. Kisha ikafutwa, tukashangilia. Mimi pia nilishangilia.

Halafu nikanunua tokeni. Zamani uniti 50 za kwanza zilikuwa shilingi 2.50 kila moja. Kwa bei mpya, nafuu ilibaki kwa anayetumia uniti 10 tu kwa mwezi, kwa shilingi 12. Ukizidi hapo, shilingi 15.80. Nyumbani kwangu tulikuwa taa nne, redio, televisheni ndogo na pasi ya Jumapili jioni, kama uniti 40. Kabla: 150 na shilingi 100 za uniti, jumla 250 bila kodi na tozo za mafuta. Baada ya kufutiwa: kama shilingi 600. Jirani mwenye hita ya kuogea na friji mbili, ambaye uniti zake nyingi zilikuwa kwenye bei ya juu ya zamani, hakusikia uchungu wangu.

Kelele zilipigwa hadi Novemba mwaka huohuo ndipo wakapandisha kiwango cha nafuu hadi uniti 100, kwa shilingi 10. Hapo ndipo tukapata nafuu kidogo. Kwa hiyo dada, ukiambiwa tozo inafutwa, uliza palepale uniti ya kwanza itakuwa bei gani. Usiulize ya mia mbili, uliza ya kwanza.

---

Mpangaji_Tabata

Huku Dar tozo ya huduma ya Sh 5,520 kwa mwezi iliondolewa Aprili 2016, na kwa kweli ilisaidia. Lakini nafasi yake haikukaa wazi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, ilianza Sh 1,000 kwa mwezi, Julai 2023 ikawa 1,500. Kodi ni ya mwenye nyumba, anayenunua umeme ni mimi. Kumdai anirudishie kila mwezi 1,500 naona aibu, na yeye anajua naona aibu. Usiponunua miezi miwili, inakusubiri vilevile.

Mita ina hatari hiyo: ikishazoeleka kukata kitu kimoja, kila mwenye deni lake analileta hapo.

---

Mwanatanga_Liverpool

Nimesoma yote mara mbili, ahsanteni.

Kaka fundi, jana nimezitafuta risiti za kadi ya gesi kwenye sanduku la viatu, nikapiga hesabu yako. Nimetumia kama uniti 1,900 mwaka jana. Kumbe maji ya moto ni mengi kuliko nilivyodhani. Basi gesi inabaki. Na kampuni nimewapigia, yule binti amenisikiliza vizuri, amenionyesha namna ya kuomba mita mpya ninayoweza kuiongezea salio kwa simu hata nikiwa Tanga.

Mzee wangu, shikamoo. Sikuwa nimekufikiria wewe wala mama pale sebuleni. Nisingependa nilale na taa kwa pesa ya godoro lake. Nakubali waya nilipie, hata nikiwa safarini, kwa sababu nimeukuta upo niliporudi. Kuna mtu ameutunza. Kinachonikaa kooni ni deni la kampuni zilizokufa, ambazo sikuwahi kuwa mteja wao, kuwekwa sawasawa juu yangu na juu ya nyumba ya vyumba sita. Hilo lilikuwa deni la nchi nzima. Lingelipwa kwa kodi, kila mtu kwa kipato chake, mimi kwa changu na mwenye nyumba kubwa kwa chake. Wewe na mimi tusingekuwa tunagombania peni 8.

Na Msomaji wa Nakuru, ile bei ya uniti ya kwanza nimeiandika kwenye karatasi. Ofgem wakileta mpango wao, ndiyo nitakayoitazama kwanza.

Mama amepata nafuu, sasa anatembea hadi barazani. Nimemwahidi Agosti, wiki tatu. Siku 21 kwa bei hiyohiyo ya peni 99 ni pauni 20 na peni 79. Nitaziacha kwenye mita kabla sijafunga mlango.