Mrejesho: nilijaza EGM
Wakuu habarini, mwaka jana niliwauliza, nina C ya hesabu form four, form five niende kombi ya HGL (historia, jiografia na Kiingereza) au nikomae na EGM (uchumi, jiografia na hesabu), wengi mkasema hesabu ya advance (form five na six) itanimaliza. Nilijaza EGM. Testi ya kwanza nikapata 28, nililia kwa kweli, shida ilikuwa trigonometria, zile fomula nilikuwa nakariri tu, sasa jamaa wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) akanikalisha prepo, muda wa kujisomea, akasema chora duara, weka pembe, ipate mwenyewe sin²+cos²=1 kwa Pythagoras, halafu gawanya yote kwa cos² inakuja ya tan na sec, aisee nikaelewa palepale!! Testi ya juzi 61. Kaka uliyeniambia nisiogope, Mungu akubariki sana. Wiki ijayo tunaanza kalkulasi.