Kuongeza uzito kwenye kibeba-bolti cha AR-15 ya mashindano: inatibu au inahamisha ugonjwa?

Mkereza wa Chikongola (Mtwara):
Wakuu, salaam. Kazi yangu ni kukereza shafti na bushi za mashine za kubangua korosho, bunduki sina. Mjomba wangu yuko Marekani, anashiriki mashindano ya shabaha yanayosimamiwa na CMP, taasisi ya kule ya ulengaji shabaha wa kiraia. Anatumia bunduki aina ya AR-15 ya mtutu wa inchi 20, bomba refu la gesi, kitako kirefu cha aina ya A2. Maganda yanaruka mbele kulia, ukingo wa ganda umepinda pale kucha inaposhika, na kwenye kitako cha ganda kuna alama inayong'aa kama imeburuzwa. Zamu ya kupiga haraka, risasi 10 kwa muda wa kama dakika moja, mara mojamoja bolti (chuma kinachofunga chemba) inarudi mbele na kuikwangua risasi ubavuni badala ya kuisukuma kwa nyuma.

Ameshauriwa aweke kipande cha uzito ndani ya kibeba-bolti, kile chuma kinachoibeba bolti mbele na nyuma, upande wa nyuma, na ananiuliza kama naweza kumkerezea. Kwa nini uzito usaidie? Ni gramu ngapi? Na hauchelewishi risasi kufyatuka?

Springi Ndefu (Lindi):
Dalili zote hizo ni za bolti kufunguka mapema na kwenda kasi kupita kiasi. Risasi ikipita tundu la gesi kwenye mtutu, gesi inarudi kwa bomba hadi ndani ya kibeba-bolti na kukisukuma nyuma. Kikianza kutembea, kwanza kinakwenda kipande kifupi bila kuigusa bolti, ndipo njia iliyochongwa ubavuni mwake inaizungusha bolti na meno yake yanaachia. Hicho kipande kifupi ndicho muda wa kusubiri shinikizo la chemba lishuke. Kasi ikizidi, bolti inazunguka wakati ganda bado limevimba na kung'ang'ania kuta za chemba. Kucha inavuta kitu kisichotaka kutoka, ukingo unapinda, na kitako cha ganda kinaburuzwa kwenye tundu la pini ya kurushia ganda. Hiyo alama inayong'aa ndiyo hiyo.

Sasa hesabu. Seti nzima ya bolti yenye kibeba cha umbo kamili ina kama gramu 330, bafa ndefu (silinda inayokaa nyuma ya kibeba na kusukumwa na springi) kama 147. Jumla 477. Msukumo wa gesi ni uleule, kwa hiyo ukiongeza gramu 60 zikawa 537, kasi ya kurudi nyuma inashuka karibu asilimia 11, na nishati ya mwendo hivyohivyo. Ni mkokoteni mtupu na mkokoteni wenye gunia la korosho: sukuma kwa nguvu ileile uone upi unaanza taratibu.

Wengi wanasahau safari ya kurudi mbele. Huko anayesukuma ni springi, siyo gesi. Kama kibeba bado kinafika mwisho wa njia, nishati ya springi ni ileile: kasi inapungua kama asilimia 6 lakini msukumo wa kuingiza risasi chemba unaongezeka kama asilimia 6. Magazini inapata muda wa kupandisha risasi, na risasi inasukumwa kwa uzito zaidi. Hapo ndipo ile ya kukwangua ubavuni inapokufa.

Kufyatuka hakuchelewi hata chembe. Nyundo inapogonga pini, kibeba-bolti kimesimama.

Kucha ya Masasi:
Nakubaliana na hesabu, sikubaliani na kuanza na uzito. Kwanza ajue bunduki ni nzima.

Springi aitoe, aipime ikiwa imelala huru. Ya kitako kirefu inatakiwa iwe kati ya inchi 11¾ na 13½, yaani milimita 298 hadi 343. Ikiwa fupi ya hapo, abadilishe kabla ya kingine chochote, maana springi iliyolegea inatoa dalili hizihizi za kasi.

Pete tatu za gesi kwenye bolti: avute bolti nje hadi mwisho, asimamishe seti juu ya meza ikiwa imekalia uso wa bolti. Kibeba kikizama chenyewe kwa uzito wake, pete zimekwisha. Halafu ule mdomo wa gesi uliofungwa juu ya kibeba kwa skrubu mbili, zinakazwa inchi-pauni 50 hadi 58 (kama Nm 5.6 hadi 6.5) na chuma cha pembeni kinagongwa kuzibana zisifunguke. Mdomo ukivuja, gesi inapungua. Mtu wa namna hiyo akiongeza uzito, bolti haitafika nyuma kabisa: itashindwa kubaki wazi magazini ikiisha, au ganda litabanwa mlangoni.

Mtutu ukishapigwa sana, tundu la gesi linaliwa na kupanuka, gesi inazidi mwaka hadi mwaka. Na baruti inayowaka polepole inaacha shinikizo kubwa zaidi pale tundu lilipo. Mjomba aseme: dalili zipo kwa risasi zote, au zile za kichwa kizito za mita nyingi tu?

Mkereza wa Chikongola:
Nimemuuliza. Springi inchi 12½, pete zimesimama, skrubu hazijatikisika. Mtutu ni mkongwe. Dalili zipo kwa risasi za grein 77 na 80 (grein ni kipimo cha uzito wa kichwa), ila 80 zaidi. Bolti inabaki wazi kila magazini inapoisha.

Kucha ya Masasi:
Basi gesi imezidi, na nafasi ya kuongeza uzito ipo. Kama kanuni za daraja lake zinaruhusu bloki ya gesi inayorekebishika, hiyo ndiyo inatibu shina. Aifunge kabisa, aweke risasi moja kwenye magazini, afyatue, afungue hatua moja, arudie hadi bolti ibaki wazi. Ikibaki wazi mara tano mfululizo aongeze hatua moja au mbili kwa ajili ya uchafu na baridi. Kama kanuni haziruhusu, uzito.

Springi Ndefu:
Hapo tumeelewana. Mkereza, mambo ya kipande chenyewe.

Kikae ndani ya tundu la nyuma la kibeba kisitokeze hata nywele. Bafa inagusa ukingo wa nyuma wa kibeba. Kipande kikitokeza milimita 3, umekula milimita 3 za safari, na bolti inaweza isifike nyuma ya komeo linaloishika wazi. Kiache wazi upande wa chini nyundo inakopita, na kitoke kwa mkono ili pini ya kufyatulia itolewe kusafishwa. Kisicheze. Kinachogongagonga mule ndani kitaishia kujifungua katikati ya zamu.

Gramu 60 za chuma ni kama sentimita za ujazo 7.6, za tangsteni safi ni 3.1 tu, ndiyo maana watengenezaji wanapenda tangsteni. Kuchomelea kibeba au kukitoboa, hapana. Uso wake umetiwa ugumu kwa moto, joto la kuchomelea linauharibu na kinapinda.

Kucha ya Masasi:
Na tusizunguke, mkuu: usikereze. Kutengeneza sehemu ya silaha hapa nchini ni kazi ya mwenye leseni, ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Huko aliko vinauzwa dukani, vimepimwa. Mpe vipimo, anunue.

Mkereza wa Chikongola:
Sawa kabisa, nilitaka kuelewa kwanza. Kuna mtu kamwambia aachane na kipande, aweke bafa fupi nzito ya bunduki fupi, eti gramu 153.

Springi Ndefu:
Asithubutu! Bafa fupi zinapanda kwa kubadilisha vipande vya ndani kutoka chuma kwenda tangsteni, kimoja kimoja: gramu 85, 108, 131, 153. Lakini ni za bomba fupi la ndani ya kitako. Ukiiweka kwenye bomba refu la A2, kibeba kinarudi nyuma kupita kikomo na ule mdomo wa gesi unagonga mwili wa bunduki pale bomba linapoingia. Alumini inapasuka. Isitoshe anatoka 147 kwenda 153, gramu 6, hata ingeingia isingebadilisha kitu.

Kucha ya Masasi:
Aanze na gramu 30 hadi 40, siyo 60 moja kwa moja. Apige 20 bunduki ikiwa baridi na safi, 20 nyingine ikiwa ya moto na chafu, kwa risasi yake iliyo dhaifu kuliko zote, maana hiyo ndiyo itakayogoma kwanza. Maganda yaanguke kulia, au kulia na nyuma kidogo. Yakianza kudondoka karibu na mguu, au bolti ikashindwa kubaki wazi hata mara moja, apunguze. Ukingo wa ganda ukiwa bado unapinda, ndipo aende 60.

Mkereza wa Chikongola:
Namtumia hivi hivi usiku huu. Kwake bado ni mchana.