Jamaa wa Minnesota: Mbunge yupi ndiye wako?

*Jumanne*

Mama Baraka, 06:12: Bwana asifiwe jamaa. Ndio natoka shifti ya usiku. Jana kanipigia mgonjwa tuliyemruhusu Jumapili, amesharudi kwake Hudson, Wisconsin, anauliza kama dawa ya presha anywe kabla ya chakula au baada. Swali la nusu dakika. Msimamizi akaniambia nisijibu, nimpe mwenye leseni ya Wisconsin. Mzee wa watu amengoja kwa laini dakika 40.

Mama Baraka, 06:13: Hudson ni hapo tu ng'ambo ya mto St. Croix! Mtu anavuka daraja kununua mafuta ya gari na kurudi. Lakini mdomo wangu hauruhusiwi kuvuka.

Mama Baraka, 06:13: Leo nampigia mbunge wetu Ilhan Omar. Nani ana nambari ya ofisi?

Kevo, 07:40: Anti pole na kazi. Lakini kwa hili Ilhan siye. Yuko Bunge la Marekani, Washington. Alianzia hapa St. Paul, kwenye Bunge la jimbo, alichaguliwa 2016, halafu 2018 akachaguliwa kwenda kule. Leseni ya uuguzi ni ya jimbo, na sheria yake inatungwa na hawa wa St. Paul.

Baba Neema, 07:44: Jamani mimi mwaka wa tisa huu na bado nachanganya. Kwani mtu mmoja ana wabunge wangapi?

Kevo, 07:47: Watano. Washington una maseneta wawili, kina Klobuchar, na mbunge mmoja. St. Paul una seneta wako mmoja na mbunge wako mmoja. Ukiwa na kesi ya uhamiaji imekwama au pasipoti haiji, nenda kwa wale watatu. Leseni, MinnesotaCare ile bima ya afya ya jimbo, pesa za shule, barabara ya 252, ni hawa wawili. Na hawa wawili ndio hakuna mtu humu anayewajua kwa majina.

Mama Neema, 07:48: Mimi namjua gavana 😅

Mjomba Omari, 08:02: Assalaam aleikum. Nyinyi mnajisumbua na tovuti. Sisi kule pwani alfajiri unakwenda langoni kwa mheshimiwa, unakaa kwenye benchi, kila mtu na barua yake ya karo mkononi. Gari likitoka linapunguza mwendo pale kwenye tuta, basi unamshika dirishani. Mtoto wa ndugu yangu alisoma hivyo. Tumfuate nyumbani kwake Jumamosi, na mahamri nitapika mimi.

Shangazi Rose, 08:05: Mjomba, nyumbani kwa mtu hapana. Umesahau Juni 14, 2025? Mbunge Melissa Hortman na mumewe waliuawa nyumbani kwao hapa hapa Brooklyn Park, na Seneta Hoffman na mkewe wakapigwa risasi kule Champlin. Muuaji alikuja akabisha mlango kama askari. Leo hii wewe utokee na kapu?

Mjomba Omari, 08:09: Lahaula. Ulimi umeniteleza. Siku ile tuliambiwa tujifungie ndani, nikakaa na wajukuu mapazia yameshushwa. Samahani sana.

Shangazi Rose, 08:10: Usijali mjomba. Ofisini ndiyo njia.

Mama Neema, 08:31: *[Ujumbe umesambazwa mara nyingi]* NDUGU WAPENDWA!! Nakili barua hii uitume kwa WABUNGE WOTE 201 wa Minnesota!! Usibadilishe neno! Mpe na jirani yako!!

Kevo, 08:36: Mama Neema tafadhali 🙏🏾

Kevo, 08:38: 201 ni kweli: maseneta 67, wawakilishi 134. Lakini 199 si wako. Mwaka jana nilipokuwa najifunza kazi kwenye ofisi ya mbunge pale St. Paul, mimi ndiye niliyekuwa nafungua barua pepe. Asubuhi moja ziliingia zaidi ya mia, zote sawa neno kwa neno, hata kosa la tahajia ni lile lile. Tulifanya nini? Tukazihesabu, tukaandika idadi kwenye jedwali, tukaenda kunywa chai. Siku hiyo hiyo kukaja barua ya bibi mmoja, kaandika kwa mkono, mistari sita, habari ya basi linalompita kituoni akiwa na kiti cha magurudumu. Hiyo ilipelekwa mezani kwa mheshimiwa kabla ya saa sita. Na mimi ndiye nilitumwa kumpigia.

Mama Neema, 08:41: Basi sote tumwandikie Huldah. Ni damu yetu, atatusikia.

Shangazi Rose, 08:44: Huldah Momanyi Hiltsley ni fahari yetu, mzaliwa wa Kenya kuingia Bunge la Minnesota! Usiku ule wa uchaguzi wa 2024 nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini yeye ni wa wilaya ya 38A. Wewe unakaa Maple Grove mama.

Kevo, 08:45: Na tukimrundikia yeye peke yake, wale wengine 133 watadhani Mkenya hana shida yoyote.

Baba Neema, 08:46: Hapo umesema.

Kevo, 08:50: Ingieni tovuti ya Bunge la Minnesota, kuna mahali pa kuandika anwani. Weka na nambari ya nyumba, mtaa peke yake hautoshi, mpaka wa wilaya unaweza kupita katikati ya barabara. Itakuletea ramani na majina mawili. Kila wilaya ya Seneti imekatwa vipande viwili, A na B, kila kipande na mwakilishi wake.

Mama Baraka, 09:03: Nimeweka. Niko A. Rose?

Shangazi Rose, 09:04: B!! Na tunaazimana chumvi!

Kevo, 09:05: Wawakilishi tofauti, seneta mmoja. Wanaoishi pande mbili za barabara moja huwa hivyo.

Mama Baraka, 09:06: Vizuri, basi Rose tuandike pamoja kwa seneta, Minnesota ijiunge na ule mkataba wa leseni za wauguzi.

Shangazi Rose, 09:15: Mama Baraka nakupenda kama dada yangu. Lakini mimi nitaandika asijiunge.

Mama Baraka, 09:15: Ati?

Baba Neema, 09:16: Ngoja nivute kiti.

Mjomba Omari, 09:17: Mkataba gani tena huo?

Kevo, 09:22: Mjomba, ni hivi. Majimbo 40 hivi yamekubaliana: muuguzi akiwa na leseni ya jimbo analoishi, anafanya kazi kwenye majimbo yote yaliyo ndani. Wisconsin imo, Iowa imo, Dakota zote mbili zimo. Sisi tumezungukwa na tuko nje. Na huwezi kwenda kuiomba Iowa ukiwa unaishi Brooklyn Park, leseni ile inafuata makazi yako. Miswada ya kutuingiza imeshaletwa zaidi ya mara moja, ikakwama.

Shangazi Rose, 09:30: Na ikwame tena. Septemba 2022 tuligoma siku 3, wauguzi kama 15,000, hapa mjini na kule Duluth. Nilisimama kwenye mstari mpaka unyayo ukapasuka. Hospitali zikaleta watu wa kukodi kutoka nje. Wakati ule wengi wao walihitaji leseni ya hapa. Sasa wewe unataka waje hata bila hiyo? Siku tutakayodai watu wa kutosha wodini, watatuambia nini? Ndege imeshatua, kaeni huko huko nje.

Mama Baraka, 09:34: Mimi nalala na mgonjwa wa Hudson kichwani, wewe unaniletea ndege. Na binti yangu yuko Texas na leseni ya majimbo mengi, anataka kurudi karibu na mama yake, hapa aombe upya, alipe upya, angoje upya.

Shangazi Rose, 09:35: Aombe tu. Sote tuliomba.

Mama Neema, 09:36: Mmeanza 🙈

Baba Neema, 09:40: Sasa Kevo, seneta apate barua mbili kutoka barabara moja, moja inasema ndiyo, nyingine hapana. Si zinafutana?

Kevo, 09:47: Hapana. Pale ofisini hazikuwa zikifutana, zilikuwa zikisomwa zote mbili, tena kwa hamu, maana kila mmoja anasema jambo ambalo mwenzake hakulisema. Halafu angalieni hesabu: uchaguzi wa 2024 uliwapa vyama viwili 67 kwa 67 kwenye Baraza la Wawakilishi, na mswada unahitaji kura 68 kupita. Hapo hakuna mbunge anayeweza kusema kura yake haina uzito.

Mama Baraka, 13:20: Nimelala nimeamka. Rasimu hii hapa, Kevo utaitia Kiingereza:

"Mheshimiwa Seneta, ni matumaini yangu kuwa barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya, wewe pamoja na jamaa yako yote. Hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ama mimi hapa ni mzima, namshukuru Mola. Kipindi hiki cha baridi tunavumilia. Dhumuni la kukuandikia barua hii ni..."

Mjomba Omari, 13:24: Maashallah. Hiyo ndiyo barua.

Kevo, 13:31: Mjomba usinivunjie kazi 😂 Anti, msaidizi ana barua nyingi mbele yake, akifika "hofu na mashaka" ataogopa kweli. Anza hivi: mimi ni fulani, mkazi wa wilaya yako, anwani hii. Mstari wa pili: muuguzi miaka mingapi. Wa tatu: mzee wa Hudson, dawa ya presha, dakika 40. Usimtaje jina wala hospitali. Kisha taja nambari ya mswada, HF ukiwa wa Wawakilishi, SF ukiwa wa Seneti, na umwambie unataka afanye nini. Mwisho umuulize: utapiga kura vipi? Swali linataka jibu.

Mama Baraka, 13:33: Bila hata salamu?

Kevo, 13:34: "Mheshimiwa Seneta" inatosha.

Mama Baraka, 13:34: Mama yangu angenipiga kofi.

Baba Neema, 14:10: Mimi nataka kuandika juu ya 252, pale kuvuka ni kucheza kamari. Lakini bado sijawa raia. Inaruhusiwa?

Kevo, 14:16: Inaruhusiwa. Wewe ni mkazi, yeye anakuwakilisha, hata kama kura hupigi. Ila habari za makaratasi yako usiziweke kwenye barua. Hazihitajiki.

Baba Neema, 14:17: Naandika leo.

Kevo, 14:19: Leo hasa. Kikao kinafungwa katikati ya Mei, na kamati zina tarehe zao za mwisho kabla ya hapo. Mswada usiposikilizwa kwenye kamati, barua ya Aprili ni ya kumliwaza marehemu.

*Alhamisi*

Mama Baraka, 11:02: Jamani. JAMANI. Msaidizi wa seneta amenipigia!! Nilidhani ni wale matapeli wa bima ya gari, nikakata mara ya kwanza.

Mama Neema, 11:02: 😂😂😂

Mama Baraka, 11:05: Kijana mpole. Kaniuliza mzee wa Hudson alipata dawa? Yaani amesoma! Anasema seneta bado hajaamua, tuje Jumatano saa nne asubuhi, dakika 15. Kasema pia amepata barua nyingine ya muuguzi wa mtaa huu huu inayopinga, kama namjua.

Shangazi Rose, 11:06: Ukamwambiaje?

Mama Baraka, 11:07: Nikamwambia namjua sana, ana sufuria yangu kubwa tangu Krismasi.

Shangazi Rose, 11:09: Nami amenipigia. Saa hiyo hiyo. Katuweka pamoja huyu.

Mjomba Omari, 11:15: Nendeni mkaone na wale farasi wa dhahabu juu ya mlango wa Kapitoli, jengo la Bunge. Unaweza kupanda hadi pale kwa ngazi. Mimi nilipanda, magoti hayajanisamehe.

Kevo, 11:20: Maegesho ya karibu hujaa mapema, tokeni saa mbili. Na anti, kila mmoja achukue dakika zake 7. Asiyekuwa na zamu anyamaze.

Shangazi Rose, 11:22: Tutaenda na gari langu, lako halina hita.

Mama Baraka, 11:23: Sawa. Na uje na sufuria.